Koti la Marehemu Prohaska

Jumatano, 6 Februari 1957

Vienna imepatwa tena na wazimu wa dansi. Wapika keki wana dansi yao, wawindaji yao, wafagia dohani yao – na sisi watu wa sheria, ole wetu, tuna ya kwetu. Kwenye kambi za wakimbizi kuna Wahungaria waliovuka mpaka kwa miguu. Ofisini tumejadili asubuhi nzima urefu wa glavu.

Halafu balaa. Mkuu wa ofisi, Daktari Trautenegg (daktari wa sheria, hajawahi kumtibu hata paka), kaniita mimi, karani wake wa muda. Kijana aliyepangwa kufungua dansi na binti yake amevunjika mguu akiteleza kwenye theluji. Daktari akanipima kwa macho kama mtu anayenunua kabati. Akasema: urefu unakutosha, Wessely. Mwongoze vizuri Roswitha wangu, kisha tutazungumza kuhusu ajira yako ya kudumu.

Nikasema ni heshima kubwa, Bwana Daktari. Heshima! Nikiikosa ajira hii narudi mjini kwetu Steyr kwa mjomba, kuchemsha mafuta ya sabuni.

Ijumaa, 8 Februari

Sina koti la mkia, lile refu nyuma la kuchezea dansi. Mwenye nyumba wangu, Bi Prohaska, kanitolea la marehemu mumewe, aliyekuwa mhudumu hotelini.

"La mhudumu?" nikauliza.

"Ni koti lile lile, mwanangu! Bwana anavaa tai nyeupe, mhudumu nyeusi. Usichanganye tu, utaagizwa bia."

Kumbe ndiyo tofauti yote! Kitambaa cha shingoni. Na kwa kitambaa hicho wanapigiana magoti na kubusiana mikono mpaka Kwaresima. Koti linanuka dawa ya nondo na, kwa mbali, mchuzi wa nyama. Nimelianika dirishani. Hakuna atakayejua. Nadhani.

Alhamisi, 14 Februari

Mazoezi. Waltzi ya ufunguzi lazima izungushwe kushoto. Mwalimu anapiga fimbo sakafuni: "Kushoto, mabwana! Kulia hata ng'ombe anazunguka!" Mabinti wana vitaji vya bati kichwani na nyuso za watu wanaopokea komunyo. Jamaa mmoja karibu alie, glavu yake ina doa. Mjinga. (Nilizikagua zangu pia. Safi.)

Wakati wa mapumziko Roswitha alinikagua usoni. Kisha: "Unatudharau, Bwana Karani. Pua yako inasema."

"Hapana kabisa, bibi."

"Mwongo. Mimi pia nawadharau. Ila mimi nitafanya kitu."

Nikauliza: Kitu gani? Akasema nisiogope, ufunguzi atacheza kama malaika. Lakini itakapotangazwa zamu ya wanawake kuchagua wa kucheza nao, nisimfuate, hata nikiagizwa na nani. Akanitaka niahidi.

Nikaahidi. Mimi huahidi kila mtu kila kitu.

Jumatano, 20 Februari

Nimeota nimezunguka kulia. Ukumbi mzima ukalia kama ng'ombe.

Jumamosi, 23 Februari

Naandika nyuma ya kadi ya dansi, nimejificha stoo ya vitambaa vya meza karibu na jiko. Nitaibandika daftarini nikifika nyumbani. Nikifika.

Ufunguzi ulikwenda sawa. Tukaingia wawili wawili, mabinti weupe kama mishumaa, sisi weusi kama kunguru, na majaji wazee wakatoa machozi – watu wanaowafukuza wajane kwenye nyumba zao kila wiki! Nilizunguka kushoto bila kosa. Daktari akanipiga bega. "Jumatatu njoo ofisini kwangu." Nikafurahi. Nakiri, nilifurahi kama mbwa.

Kisha ikatangazwa zamu ya wanawake. Sheria ni moja: mwanamke akichagua, mwanamume hakatai, na hakuna anayeingilia mpaka muziki uishe. Hata mabalozi hutii. Roswitha akavuka ukumbi. Akawapita mahakimu. Akampita mwana wa mwenye benki aliyekwisha kunyoosha mkono. Akasimama mbele ya mhudumu mwenye trei ya soseji, mmoja wa wale Wahungaria, tai nyeusi – akainama.

Mtu yule akatazama huku na huku. Akaiweka trei mezani, mbele ya Daktari mwenyewe! Wakacheza. Kushoto. Vizuri kuliko sisi sote. Watu wakarudi nyuma kama wameona moto, na mama mmoja akasema kwa sauti: kesho atamchagua farasi.

Daktari kawa rangi ya kiazi chekundu. "Wessely! Kamtoe Roswitha pale! Hivi sasa! Ukishindwa, Jumatatu usije."

Nikasema, mara moja, Bwana Daktari. Nikatembea kuelekea kwao. Roswitha akaniona juu ya bega la yule mhudumu, akatikisa kichwa, kidogo tu. Nikaendelea kutembea – nikawapita, nikatoka mlango wa jikoni.

Sasa niko hapa. Tai yangu nyeupe ilinikaba, nimeivua, iko mfukoni. Nikienda, nimevunja ahadi, na sheria pekee ambayo hawa watu wanaiheshimu. Nisipoenda, sabuni. Kwa nini nilizaliwa na shingo?

Baadaye kidogo.

Mlango umefunguliwa. Mkuu wa wahudumu! "Wewe! Mwenzako anacheza, nawe umejificha? Beba!" Kanitwisha trei ya soseji. Nikasema ndiyo, bwana, kabla sijafikiri.

Niko kwenye ujia. Nimeiegesha trei dirishani, naandika juu yake. Daktari ametoka ukumbini, anaita jina langu. Amekuja moja kwa moja mpaka hapa. Akanitazama usoni, yeye na macho yake, akaniuliza:

"Kijana, hujamwona karani wangu?"

"Hapana, bwana," nikasema.

Akachukua soseji moja, akapita. Waltzi bado inaendelea. Mkuu wa wahudumu ananipigia kelele niingie ukumbini, na trei ni nzito, na –