Mashine Aliyoifunga Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika. Randa kubwa, ya mtumba, chuma kitupu. Tumeishusha kwa magogo na matusi, na mgongo wangu leo si wangu. Ubao unaingia mbele ukiwa mnene na mchafu, unatoka nyuma mwembamba, laini. Ndivyo wanavyosema. Lakini hii si ya kuchomeka ukutani kama feni. Inataka umeme wa fezi tatu: nyaya tatu zenye moto, na mmoja zaidi wa kwenda ardhini.

Gundi akauliza fundi umeme anakuja lini. Gundi ni mwenzangu kwenye meza ya kuunga mbao. Ni mtu mzima kunishinda, na vidole vyake vina gundi kavu tangu nimjue. Akikupa mkono unabaki naye kidogo. Bosi akacheka. Eti, "Fundi wa nini na Shemeji yupo?"

Shemeji ni kaka wa mke wa bosi. Karakana nzima tunamwita Shemeji, utadhani sote tumeoa kwao. Kazi yake ni kutengeneza redio na chaja za simu. Redio! Nimetema mate kwenye vumbi la mbao, na mate yenyewe yametoka ya kahawia.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amefunga. Alikuja na bisibisi moja, mdomo umejaa skrubu. Anatuamrisha huku anazilamba, kisha anazitema mkononi moja moja, zina ute, anakaza.

Waya aliouleta ni mwembamba, wa kuvutia taa. Ulipokuwa mfupi akaunga kwa kusokota, akazungushia mfuko wa plastiki. Mfuko wa mkate! Makombo bado yamo. Umelala sakafuni, na sisi tunapita juu yake na toroli.

Akawasha. Ikanguruma. Gundi akaingiza ubao, ukatemwa, ukamrudia kifuani kama posa iliyokataliwa. Mashine inazunguka kinyume!

Hapo ndipo ningetaka kuandika kwamba mtu mmoja alifikiri. Hakuna. Bosi akakuna tumbo akasema, "Kama mlango wa mbele umefungwa, si unapita wa uani? Ingizeni kwa nyuma." Tukaigeuza ikatazama ukuta, chuma chote kile, jasho linatuchuruzika mpaka kwenye makalio. Tukaingiza kwa nyuma. Ubao ukatoka mweusi, unafuka moshi, unanuka.

"Itazoea," akasema Shemeji. Itazoea! Kama bibi harusi.

Jumatano, 5 Machi

Fyuzi zinakatika kila tukiwasha. Shemeji amezitibu. Badala ya ule uzi mwembamba wa ndani ameweka waya mnene kama msumari. Na ule waya wa ardhini ameuchomoa kabisa, ameukunja, ameutundika. Eti ndio unaovuta umeme bure. Fyuzi hazikatiki tena. Akajipangusa mikono kama mkunga aliyezalisha mapacha.

Sasa mashine inatekenya. Ukigusa ubavu wake, siafu wanakupanda mpaka kiwiko. Kwa hiyo tuna adabu mpya ya kazi: mashine haishikwi, inasalimiwa. Kwanza kwa mgongo wa kidole, haraka, kama unabisha hodi kwa mkwe. Ikinyamaza, unafanya kazi. Ikikujibu, unasubiri. Na tunasimama juu ya ubao mkavu, kwa ndala.

Watu wazima tunabishia hodi chuma. Na bosi anatuona. Anapita, anajichokonoa meno, anatuona.

Alhamisi, 6 Machi

Alikuja mama mmoja mfupi, anataka kitanda. Kumbe ni fundi umeme. Aliuona ule mfuko wa mkate, habari ya kitanda ikaisha.

"Nani amefunga hii?"

Shemeji akajisogeza mbele, anatabasamu. Mama akamtazama kama mtu anavyotazama soli ya kiatu baada ya kukanyaga.

Gundi akamweleza tulivyoigeuza. Mama akasema mashine ikizunguka kinyume ni kubadilishana nyaya mbili tu, si kugeuza mashine nzima kama maiti. Akasema waya huu utapata joto mpaka uwake. Akasema uzi wa fyuzi ni mwembamba makusudi, umewekwa ufe kabla yako. Na waya wa ardhini ni njia ya umeme kushukia. "Ukiitoa hiyo njia, baba, njia unakuwa wewe."

Bosi akauliza, sasa kila kitu tuite fundi, hata taa?

"Taa badilisha mwenyewe. Chaja huyu atatengeneza. Fezi tatu, ita mtu. Na mimi siigusi mpaka nizime swichi kubwa na kung'oa uchafu wote huu."

Bosi akamwambia anatafuta kazi kwa kutisha watu. Mama akaandika namba yake ya simu ukutani kwa penseli ya Gundi, akachukua mkoba wake. "Kitanda nitanunua kwa mafundi ninaotarajia kuwakuta hai."

Gundi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Niliangalia mikono yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu alipiga simu. "Baba watoto, kazi inaendaje?" Nikasema nzuri. "Mbona sauti ina kitu?" Nikasema vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Paa letu ni kichujio. Maji yametiririka mpaka miguuni pa mashine, na ubao wetu wa kusimamia umelowa. Gundi akabisha hodi kama kawaida. Ikamjibu! Ilimrusha, akaanguka kwenye lundo la maranda, macho meupe, mdomo unatafuta hewa. Mkono wake wa kulia umening'inia mchana kutwa kama si wake. Nilimlisha mimi.

Shemeji alicheka. Kweli alicheka. "Mzee, umeona nyota?" Ningekuwa na patasi karibu. Basi tu.

Bosi alikwenda kwake akarudi na dawa: glavu za mpira za mke wake, za kuoshea vyombo. Za waridi. Zina mafuta ya jana na tundu kwenye kidole gumba. Akamkabidhi Gundi kama medali. Jumatatu anakuja mteja mkubwa, anataka kuona randa inafanya kazi kabla ya kutupa tenda. Gundi ndiye atakayeiendesha, kwa kuwa ana mvi, anatia imani.

Nilimwambia, kaka, kataa. Akanijibu, "Nikatae niende wapi? Nani anaajiri mvi? Hapa wanazionyesha tu kwa wageni."

Jumapili, 9 Machi

Nimefua. Sikutaka kuongea na mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika chooni. Nimepindua ndoo, nimekalia. Choo hiki! Nzi wamenenepa kama zabibu, ukuta una alama za vidole ambazo sitaki kuzijua. Lakini kina komeo.

Mvua tangu alfajiri. Maji yamezunguka mashine yote. Mteja amefika, viatu vinang'aa. Aliona maji, akabaki amesimama kwenye kizingiti. Mwenye akili. Bosi akapiga makofi: "Haya, Gundi, mwonyeshe mgeni!" Gundi akavaa glavu za waridi. Akautazama ule mkono wake, kisha akanitazama mimi.

Nikasema naomba kwenda haja. Nikapitia kona ya swichi kubwa, nikaishusha, nikachomoa fyuzi, zote, nikaingia huku.

Ziko mfukoni mwa aproni. Nzito, nyeupe, kama mayai. Waya wa Shemeji umetokeza, unanichoma paja.

Nje, makelele. Shemeji anasema wamekata umeme mtaa mzima. Mtu anamuuliza mbona redio ya jirani inaimba. Bosi anatukana. Wanawasha, wanazima. Wamefika kwenye swichi. Namsikia Shemeji: "Fyuzi hazipo!"

Sasa bosi anapiga simu, ukuta ni wa bati, namsikia vizuri. Ana sauti ya asali ambayo sisi hatujawahi kuionja. "Dada yangu fundi! Usinikasirikie bwana. Njoo upesi, nina mgeni... Hapana, hakuna aliyeumia. Umeme tu umekatika."

Umeme tu umekatika! Wiki nzima chuma kinatuuma, fundi hakuitwa. Kimeacha kutuuma, ndipo ameitwa.

Mlango unagongwa. Polepole, kwa mgongo wa kidole. Ni Gundi.

"Unazo wewe?" ananong'ona.

Nimesema ninazo.

"Basi kaa nazo mpaka yule mama afike. Azione zilivyo."

Bosi anapiga kelele kutoka karakana: huko chooni kuna nani?

"Kimeziba, bosi!" Gundi amejibu. "Kimeziba kabisa!"

Viatu vya bosi vinakuja, chubwi, chubwi, ndani ya maji.