Nilisema "Inaweza Kuwa", Jackton Akafukuzwa

Mama Rebeccah mpendwa,

Nisaidie, kwa maana barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana, na nikiichana tena najua sitaiandika kamwe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa hapa Bomet kwenye majani chai, na kazi yangu ni utafiti wa kuvu, hasa ile ya udongoni inayoozesha mizizi ya majani chai hadi shamba linabaki na viraka vilivyokauka, na watu wakisikia hivyo hucheka wakidhani nachunguza mkate uliolala, lakini nimelisomea jambo hili mpaka ng'ambo, na kijiji kizima huniita Daktari, hata baba yangu mzazi.

Ninachochunguza ni jeni. Kuvu, kama sisi, ina jeni nyingi ambazo hazifanyi kazi zote kwa wakati mmoja, nyingine hulala mpaka kitu kiziamshe, na mimi nilitumia miaka saba kutafuta ni nini kinachoamsha jeni inayoiwezesha kuvu kushambulia mzizi ulio hai. Nikaona kwenye visahani vyangu vya maabara kwamba kuvu ikiwa na chakula tele jeni hiyo hulala fofofo, nikarudia mara nyingi jibu likawa lile lile, nikaandika, ikachapishwa, nikapongezwa, na mimi mwenyewe nikaamini kwamba kuvu yenye kisiki kibichi cha kula haina haja ya kugusa majani chai yaliyo jirani.

Sasa Mama, huku kwetu mtu akitaka kupanda majani mahali palipokuwa na miti mikubwa, kwanza hubambua gome kuzunguka shina na kuuacha mti ukauke ukiwa umesimama, mwaka mmoja au miwili, ndipo auangushe, ili mizizi isibaki na chakula cha kuilisha kuvu. Mwaka wa 1993 baba alitaka kupanda sehemu ya chini ya shamba, nami nikamwambia hakuna haja ya kungoja, akate na apande mvua ya mwaka huo huo. Aliyekuwa akitufanyia kazi ni Jackton, mtu wa kutoka upande wa ziwa, si wa kabila letu, amekaa kwetu miaka kumi na moja na mkewe Apiyo, na kabla ya hapo alikuwa estate, kwenye mashamba makubwa ya chai ya kampuni. Akaniambia, "Daktari, kule estate tulikuwa tunangoja miti ikauke kwanza. Hii haraka ni ya nini?" Nikamjibu, "Jackton, hiyo ni mambo ya zamani. Wewe panda." Akapanda, tena vizuri, mistari imenyooka.

Mwaka jana majani yakaanza kufa, shina moja, kisha kumi, sasa zaidi ya mia nne, yote yakizunguka mahali palipokuwa na mti. Baba akasema Jackton alileta miche yenye ugonjwa, akampeleka mbele ya kokwet, kile kikao cha wazee wetu wa kijiji, nami nikaitwa kama mtu aliyesoma. Jackton akasema, "Mimi nilikataa. Daktari ndiye alisema tupande." Baba akafoka, "Unasingizia mtoto yangu?" Kisha mzee mmoja akanigeukia akauliza, "Daktari, ugonjwa inaweza kutoka kwa miche?" Nikasema, "Inaweza kuwa." Hayo tu. Jackton alinitazama, baba akamfukuza kazi, na kabla ya wiki kwisha yeye na Apiyo walikuwa wamehama.

Mama, wakati ule nilikuwa na shaka tu, sasa ninajua. Nilichukua mzizi mmoja shambani kwa baba, nikaiotesha kuvu yake, nikaiweka kando ya ile yangu, zote na chakula tele na kipande cha mzizi hai, na ile ya shambani haikulala hata kidogo, ilitoa nyuzi zake nyeusi ikashambulia. Yangu ndiyo mbovu. Kuvu ikihamishwa kisahani hadi kisahani miaka mingi, ikila sukari isiyoitafuta, husahau kushambulia, na kila mwaka tunapaswa kuirudisha kwenye mzizi hai na kuitoa upya, kazi ya miezi, nami niliiruka miaka yote kwa sababu kuvu yangu ilikuwa tulivu na majibu yake yalikuwa safi. Nilichunguza kuvu iliyodekezwa nikadhani ndiyo kuvu ya dunia.

Jackton sasa yuko Mulot, anafanya kibarua kwenye mahindi ya watu, maana hapa hakuna anayemtaka, na majirani ambao majani yao yanaugua wameanza kusema ni watu wa ziwa wanaoleta ugonjwa. Mwezi ujao ushauri wangu wa kutongoja utachapishwa katika kijitabu cha wakulima. Nikisema ukweli, kazi yangu ya miaka kumi na minne imekwisha, na baba, ambaye ana presha, ataaibika mbele ya wazee wenzake. Nikinyamaza, Jackton ataendelea kubeba kosa langu. Nifanyeje ili ukweli utoke bila kumuua baba?

Daktari Mwenye Aibu, Bomet

Daktari,

Pole. Nalisema neno hilo sasa kwa sababu huko mbele sitalisema tena. Kukosea kwenye visahani si dhambi. Mimi sijui jeni, lakini najua mtu anaweza kufanya kazi miaka saba akafika mahali pabaya, na wewe mwenyewe ndiye uliyekwenda kuufukua ule mzizi. Wengi wasingeufukua. Kazi ya maisha ikianguka ni msiba, na hakuna atakayekuja kukaa nawe matanga. Lia.

Lakini usinichanganye. Jackton hakufukuzwa na kuvu, alifukuzwa na maneno yako mawili. Wala usiniambie ulikuwa na shaka tu. Mambo ya kuvu uliyatilia shaka, sawa. Kwamba Jackton alikuonya, hilo ulilijua kabisa, maana wewe ndiye uliyemnyamazisha.

Tena nimesoma barua yako mara mbili. Umeficha jina lako, umeficha la baba yako, hata la yule mzee wa kokwet. Jina la Jackton na la mkewe umeyaandika wazi, pamoja na mahali wanapoishi. Nimeyabadilisha yote mimi kabla ya kuchapa, wewe utaelewa. Kaa ujiulize kwa nini hukuona haja ya kuwaficha hao wawili.

Na haya maneno kwamba watu wa ziwa wanaleta ugonjwa, unayataja kwa kupita tu! Mwaka wa 1992, ule wa vita vya makabila, hauko mbali, na unajua nyumba zilichomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Ukingoja mpaka mtu aumizwe, usiniandikie.

Baba yako ni mtu mzima. Aliweza kumfukuza mfanyakazi wa miaka kumi na moja, ataweza kusikia kwamba alikosea. Mwambie asubuhi, akishakunywa chai na dawa zake, mkiwa wawili. Atafoka. Kaa hapo hapo. Presha yake usiifanye kichaka cha kujificha.

Kijitabu kisimamishwe wiki hii. Mwandikie mkubwa wako, barua uipeleke kwa mkono, na ubebe visahani vyote viwili ajionee. Kisha uwaandikie waliochapisha kazi yako. Sitakudanganya kwamba watakupigia makofi. Huenda cheo kikaenda, na wapo watakaofurahi. Lakini mvua ya Machi ikikaribia, kuna wakulima wataangusha miti kwa neno lako.

Halafu omba kokwet ikae tena. Jina la mtu huyo liliharibiwa pale, na pale ndipo litasafishwa, si kwa kunong'onezana na wazee njiani. Rudia alichosema Jackton kama alivyokisema, na ulichomjibu kama ulivyomjibu.

Ila kabla ya hayo yote, kabla ya baba na kabla ya mkubwa wako, Jumamosi hii nenda Mulot. Usibebe sukari wala zawadi ya kumtuliza. Usimwombe arudi, wala usimweleze habari za jeni. Mwambie alikuwa sahihi, na kwamba ulijua alikuonya ukanyamaza. Kisha usikilize, hata akikutukana. Halazimiki kukusamehe. Akikufungia mlango, sema ukiwa nje, kwa sauti, majirani zake wasikie.