Swali Lako Kuhusu Unga wa Zinki

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeandika salamu hii nikasita, kana kwamba utaitikia.

Leo kazini nililetewa unga wa zinki nitathmini kama ni kioksidishaji, yaani kitu kinachoupa moto nguvu kwa kutoa oksijeni. Ni kazi ndogo. Metali tupu haina oksijeni ya kutoa, hata kipimo hakihitajiki. Unaandika "Hapana", unasaini. Leo niliiweka kalamu chini.

Unakumbuka likizo ile nilipotoka chuoni nikakufuata Sekenke, ulikokuwa mtunza stoo wa mtambo mdogo wa kuchenjulia dhahabu? Ulinitambulisha kwa wenzako, "Huyu ndiye mkemia wangu." Kisha ukanionyesha ndoo ya unga wa zinki, ukaniuliza,

"Mama, na hii inachochea moto kama asidi ya nitriki?"

Nikajibu harakaharaka, kwa kujidai, "Hapana baba. Hiyo ni metali tu."

Uliniamini. Ukaitoa kwenye kona yake ukaipandisha rafu moja na asidi, upate nafasi.

Jibu langu lilikuwa sahihi, baba. Ila sikukuambia kwamba unga huo wenyewe huungua, na kwamba haufai kukaa jirani na asidi ile. Hukuniuliza, nami sikufikiria.

Wiki mbili baadaye rafu ilianguka, vikachanganyika. Moshi wa kahawia, sumu inayoharibu mapafu polepole, ukajaa stoo, nawe ukaingia kumtoa mwenzako Shabani. Ulirudi nyumbani Unyambwa ukitembea vizuri kabisa. Ukanywa chai niliyokupikia, ukasema, "Kifua kinabana kidogo tu." Kesho yake hukuweza tena kuvuta pumzi.

Msibani wote walikusifu. Shabani bado huja kila Idi kumsalimia mama. Wanakutaja, wanacheka, wanafuta machozi, na mimi nakaa katikati yao kama mgeni.

Leo niliandika "Hapana", kisha chini yake: "Huungua. Iwekwe mbali na asidi na vioksidishaji." Mkuu wangu akauliza mbona nimerefusha. Nikasaini, nikamkabidhi karatasi.

Mama anadhani nalia kwa kukukumbuka tu. Jumamosi nitakwenda Unyambwa nimweleze lile jibu langu, halafu nimtafute Shabani. Huenda wakanisamehe, huenda wasinitazame tena. Naogopa, baba, na hupo wa kunisindikiza.

Lala salama.

Ni mimi, binti yako