Daftari la Makosa ya Wodi

Sista,

Ni mimi Okello, msaidizi wako wodi ya wagonjwa wa akili. Ulizoea kuniita mvivu mwenye mikono mizuri. Mikono hiyo ndiyo inakuandikia.

Unakumbuka Jumatatu zetu? Ulitukalisha kwenye benchi, kila mtu aseme alipokosea wiki hiyo, nawe unaandika kosa bila jina. "Kosa ni la wodi," ulisema, "jina litatusaidia nini?" Tulinuna, lakini tulijifunza. Hata kuwafunga wagonjwa kamba kutwa nzima tuliacha.

Kisha nikamdunga yule koplo aliyelazwa kwetu sindano ya pili ya usingizi. Sikuuliza kama wa zamu ya asubuhi alikuwa ameshamdunga. Hakuamka. Ukaliandika kosa hilo, na chini yake ukaweka amri: anayetoka zamu amsomee anayeingia sindano zote alizodunga. Askari wenzake walipokuja, wakalikuta daftari. Mkubwa wao alitaka jina tu. Ukanitazama kidogo, ukasema, "Ni mimi." Nilikuwa nimeshika ndoo, Sista. Niliendelea kuishika.

Wakakuchukua, hukurudi. Mwili wako haukupatikana, kwa hiyo kwenu Kyebando walizika shina la mgomba mahali pako, kama ilivyo desturi.

Sasa mkuu wa wodi ni mimi. Cheka basi. Askari wanapita kukagua, kwa hiyo kila Jumatatu naandika kwenye daftari jipya: hakuna kosa. Amri yako hakuna anayeikumbuka. Wiki iliyopita mgonjwa mwingine kadungwa mara mbili, vilevile kabisa, akafa. Nimeandika malaria.

Mama yako nampelekea sukari, maana madukani haionekani. Ananibariki, eti mimi peke yangu sikumkimbia. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, ni kweli binti yangu aliua mtu?" Nikamjibu, "Ilikuwa bahati mbaya, Mama." Akanishukuru. Chai yake nikainywa nikaimaliza.

Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu hakuna anayecheka. Nakuchukia wakati mwingine kwa kusema "ni mimi" upesi vile, kana kwamba ulijua sitasema.

Lala, Sista. Kuanzia kesho sindano zitasomwa kwa sauti, zamu kwa zamu. Na Jumapili hii naenda Kyebando mikono mitupu, nikamwambie mama yako ni nani aliyemdunga yule koplo. Akiimwaga chai yangu, nitajua amenisikia.

Okello