Ndizi za Kupikwa Bogoria

Mama,

Jumapili tulienda Ziwa Bogoria. Mimi na kaka Momanyi, mtunza siri wako. Yeye aliendesha gari, mimi nikakaa nyuma kama abiria ili nisimwone usoni.

Nina hasira na wewe, nakuambia mapema. Miaka yote hiyo nilikusihi twende ukaone maji yanayochemka bila kuni. Ukasema, "Wacha kwanza nimalize chai." Pale kwetu Gesima chai huisha lini, Mama? Unachuma huku, kule inachipua. Ulijua hivyo, nami nilijua, na bado nikangoja kama mjinga.

Halafu baada ya mazishi yako ndipo Momanyi ananiambia kwamba daktari alikueleza habari za uvimbe tangu mvua ndefu zilipoanza. Ukamwapisha asiniambie, eti nisije nikaacha kazi ya ualimu kule Sironga. Ningeiacha! Ningeiacha siku hiyo hiyo, na haya maji ungeyaona kwa macho yako.

Nilibeba ndizi mbichi, kichane kizima, kutoka migomba ya nyuma ya jiko lako. Si wewe uliyesema wanaopika mayai kule hawajui kula, sisi tutapika ndizi? Nikazitia na maganda yake kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu, nikafunga kamba, nikazitumbukiza kwenye chemchemi inayotokota. Kijana anayetembeza wageni akacheka. "Madam, mayai nimeona mengi. Matoke ndiyo mara ya kwanza." Nikamwambia ni agizo la mama yangu.

Baadaye akatuonyesha ziwa lilivyopanda na kufunika chemchemi nyingi. "Mngekuja kitambo mngeona zaidi," akasema. Nilitamani kumtupia kitu. Momanyi akaanza kulia, mwanamume mzima, wala sikumbembeleza.

Tulingoja karibu saa nzima. Wenye mayai walikwisha kula wakaondoka. Ndizi zilitoka nyeusi, zinanuka kiberiti, na katikati bado ngumu. Tulizila hivyo hivyo bila chumvi, tukitazamana kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Momanyi akasema, "Mama angesema ni tamu." Kweli, kwa ule ubishi wako, ungezisifu na kuomba nyingine. Nikacheka, kisha nikakasirika upya, maana hukuwepo kubisha.

Moja nilikubakizia. Nimeiweka hapa kaburini, na haijaiva. Momanyi nimemsamehe, alibeba mzigo usio wake. Wewe bado, Mama. Nitakusamehe, lakini usiniharakishe.

Ninachokuahidi ni hiki: nikiumwa hata jino, wanangu watajua siku hiyo hiyo. Na wakiniita mahali, nitaenda.

Pumzika sasa. Leo ni siku ya kupeleka majani ya chai, na sijachuma hata moja. Acha yakomae.

Binti yako,
Kwamboka