Lengelenge la Kando ya Kitovu

Jumatano jioni, Machi 1956

Limetoka lengelenge moja tu, kubwa kama harage, na kosa ni langu mwenyewe.

Nilipotoka kazini, karakana ya mtaa wa Gerezani, nilipita Msimbazi kwa yule Mchina anayenunua majongoo bahari. Watu wanasema anatibu tumbo, na langu lina siku nyingi halitulii. Akanilaza chali, akawasha majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, akayashika karibu na kitovu bila kunigusa.

"Ukisikia moto, sema," akaniambia.

Mimi niseme? Jandoni sikutoa hata sauti, leo nilie kwa sababu ya majani? Nikakaza meno mpaka ngozi ikavimba. Akafoka: "Nimekwambia sema! Mimi nitajuaje?"

Aibu niliyoiona! Lakini tumbo limepata nafuu. Jioni hii nimekula wali sahani nzima, na umetulia. Sijui ni ule moto au ni kule kulala tu nikashughulikiwa. Marehemu baba alianza hivihivi, kuharisha na kukonda, nami nilikuwa naogopa kuliko nilivyotaka kukubali.

Mke wangu ameliona lengelenge nilipokuwa navaa msuli. Ikabidi nimweleze yote, na habari ya baba pia. Nilidhani atalia. Akachukua mafuta ya nazi, akanipaka polepole.

"Miezi mitatu nakusikia ukikimbilia chooni alfajiri," akasema. "Nilikuwa nangoja useme."