Uzi Kutoka Laos

Champlin, Ijumaa, Novemba 2014

Nimesharudi kutoka Laos, lakini vidole bado vinakumbuka ule wali wa kunata tuliomega kama ugali. Bibi mwenye nyumba niliyofikia alilicheka tonge langu, kubwa kama ngumi, kisha akanifunga uzi mweupe mkononi.

Leo mke wangu amekuja na mkasi. "Baba Neema, mzee wa kanisa mzima na hirizi?"

"Si hirizi, mama. Ni baraka ya safari."

"Alisema nini akikufunga?"

"Kwamba roho yangu isibaki njiani, nifike nayo nyumbani."

Marehemu mama aliniombea hivyohivyo kila nilipoondoka Kisii. Nikiukata uzi huu sasa, nitaona kama nimeikata na dua yake.

Mke wangu ameuweka mkasi mezani. "Basi Jumapili uvae shati la mikono mirefu."